Tilman: Mlowezi wa Sotik aliyeikata Afrika kwa baisikeli

KWA wakazi wa Busia na Malaba, baisikeli ni chombo cha kutafutia riziki. Katika miaka ya 1960 vijana wa mpakani walianza kubeba abiria na mizigo kwa baisikeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Neno hilo liligeuka midomoni mwa watu likawa boda boda, na leo hakuna pembe ya Afrika Mashariki ambako halijulikani.

Miaka 30 hivi kabla ya vijana hao kushika usukani, mkulima mmoja wa kahawa kutoka Sotik alipanda baisikeli ya kawaida nchini Uganda, akaelekea machweo na hakusimama mpaka alipoiona Bahari ya Atlantiki.

Mtu huyo aliitwa Harold William Tilman. Kwa wapanda milima na mabaharia wa dunia ni jina kubwa. Kwa Wakenya wengi ni jina geni, ingawa ni katika nchi hii alikojifunza kupanda milima.

Habari zake zinafaa kusimuliwa hapa mpakani. Njia za nchi kavu kutoka nyanda za juu za Kenya kwenda Uganda hupita Malaba na Busia, na Uganda ndiko zilikoanzia safari zake mbili kubwa: ile ya theluji ya Rwenzori na ile ya baisikeli.

Zaidi ya hayo, maisha yake yanaibua swali ambalo halijaisha makali. Ni nani hupata nafasi ya kusafiri kwa kupenda, na ni nani husafiri kwa kulazimika?

Askari kabla ya kuwa mtu mzima

Tilman alizaliwa Februari 14, 1898 huko Wallasey, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa sukari katika jiji la Liverpool, na kijana huyo alisoma katika shule ya Berkhamsted.

Vita Kuu ya Kwanza vilipopamba moto aliingia chuo cha kijeshi cha Woolwich, akawa afisa wa mizinga mwaka 1915. Januari 1916 alipelekwa Ufaransa, kabla hata ya kutimiza miaka 18.

Alijeruhiwa, akapona, akarudi vitani. Alitunukiwa nishani ya Military Cross mara mbili. Vita vilipokwisha alikuwa na umri wa miaka 20, na wengi wa rika lake walikuwa wamelala makaburini. Waliomjua baadaye walimwona kuwa mtu mkimya, mkali kwa nafsi yake, asiyependa raha wala maneno mengi.

Shamba la bahati nasibu

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi ya Kenya askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mashamba yalitolewa kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Nairobi na London. Tilman alishinda kipande cha ardhi karibu na Sotik, katika nchi ya Wakipsigis, akapanda meli kuja Mombasa.

Hapa hatuna budi kusema yale ambayo vitabu vya mashujaa wa milima huyapita haraka. Ardhi ile haikuwa ya serikali wala haikuwa ya London. Ilikuwa ya watu waliokuwa wakiilisha mifugo yao na kuilima kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa.

Zaidi ya hayo, Waafrika waliopigana katika vita hivyo hivyo hawakuingizwa katika bahati nasibu hiyo. Wala hawakuingizwa wapagazi wa jeshi, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo katika kampeni ya Tanganyika. Ukumbusho wao ni mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam. Askari wa Kizungu alipewa shamba, naye mpagazi aliambulia jina la mtaa.

Tilman hakuupanga mpango huo, lakini aliishi kwa matunda yake. Alifyeka msitu, akapanda kitani kwanza. Bei ya kitani ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, aligeukia kahawa. Kwa takriban miaka 10 aliishi maisha ya shamba, akifanya kazi na vibarua wa Kiafrika ambao majina yao hayakuhifadhiwa na wengi.

Urafiki na Shipton

Mwaka 1928 kijana mwingine wa Kiingereza, Eric Shipton, alifika Kenya kufanya kazi katika shamba la kahawa Nyeri. Januari 1929 Shipton na mwenzake Percy Wyn-Harris walipanda Mlima Kenya, wakafika Nelion, kilele ambacho hakuna aliyewahi kuripotiwa kukifikia, kisha wakafika Batian chenye urefu wa mita 5,199. Batian kilikuwa kimefikiwa mara moja tu kabla yao, mwaka 1899, na kundi la Halford Mackinder.

Tilman alimwandikia Shipton barua kuomba ushauri juu ya kupanda milima. Barua hiyo ilizaa ushirika uliodumu kwa miaka mingi.

Mwanzoni mwa mwaka 1930 wawili hao walikwea Kilimanjaro, wakipanda Kibo na kisha Mawenzi, mlima wenye miamba inayomeguka mikononi. Katikati ya mwaka huo walielekea Mlima Kenya. Huko walipanda Batian kwa ukingo wa magharibi, njia ambayo haikuwa imewahi kupitwa, wakateremka upande wa pili. Hata leo wapandaji stadi huitazama njia ile kwa heshima.

Siku chache baadaye Tilman aliteleza kwenye kilele kidogo cha mlima huo huo, akaning'inia kwenye kamba akiwa amepoteza fahamu. Shipton alimteremsha kwa kamba hadi mahali salama. Uzoefu wa Tilman katika miamba ulikuwa bado wa miezi michache tu.

Kuvuka mpaka kufuata theluji

Baadaye Shipton alihamia shamba lililokuwa Turbo, karibu na Eldoret. Januari 1932 yeye na Tilman walisafiri kwa gari hadi Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ili kupanda Rwenzori.

Kutoka Turbo barabara ya Uganda huteremka kuelekea Bungoma, kisha hufika Malaba, na ng'ambo ya mto ni Tororo. Siku hizo pande zote mbili zilitawaliwa na Uingereza. Wateso, Wasamia na Wakhayo walikuwa wakiishi huku na huku, nchi ambayo hadi mwaka 1902 ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1931 treni ya kutoka Mombasa ilikuwa imeanza kufika Kampala kwa kupitia Tororo. Mpaka ulikuwa mwepesi kwa Mzungu mwenye gari. Kwa Mwafrika wa Kenya aliyelazimika kuvaa kipande shingoni, safari ilikuwa jambo la kuombewa ruhusa.

Rwenzori iliwapokea kwa mvua na matope. Mlima ule huwa umejifunika mawingu sehemu kubwa ya mwaka, na njia yake hupita katika vinamasi vyenye mimea mirefu kama miti. Wapagazi wa Kibakonjo, wenyeji wa miteremko ile, waliwabebea mizigo hadi karibu na barafu.

Kutoka hapo Tilman na Shipton waliendelea peke yao. Walifika vilele vya milima mitatu mikubwa ya Rwenzori: Stanley, ambako kuna Margherita chenye mita 5,109, Speke na Baker. Theluji waliyoikanyaga ilikuwa chini ya kilomita 50 kutoka mstari wa Ikweta.

Msomaji akumbuke kwamba theluji hiyo sasa inatoweka. Barafu ya Rwenzori, ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya imepungua mno tangu siku zile, na sehemu kubwa ya ile waliyoiona wawili hao haipo tena. Masimulizi yao yamegeuka kumbukumbu ya kitu kinachokufa.

Ajali na dhahabu ya Kakamega

Baada ya Rwenzori, Tilman alikwenda Uingereza. Wakati wa Pasaka mwaka 1932 alianguka pamoja na wenzake wawili walipokuwa wakipanda mwamba kaskazini mwa nchi hiyo. Mmoja alikufa. Tilman, mgongo ukiwa umeumia vibaya, alijikokota kwa saa nyingi kwenda kutafuta msaada. Madaktari walidhani hatapanda mlima tena, lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa amerudi milimani katika Alps.

Miaka hiyo magharibi mwa Kenya kulikuwa na kishindo cha dhahabu. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega mwaka 1931, na walowezi waliokuwa wamebanwa na kushuka kwa bei ya mazao walimiminika huko na majembe na karai. Tilman naye alikwenda kujaribu bahati yake kwa miezi kadhaa. Hakutajirika.

Kwa wenyeji wa Kakamega, dhahabu ile ilikuwa balaa. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba ardhi ya hifadhi zao haitaguswa bila kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1932 serikali iliibadilisha sheria hiyo ili wachimbaji waingie. Ahadi haikudumu hata miaka mitatu.

Kahawa nayo haikuwa ikilipa kama zamani, kwani mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeangusha bei. Tilman alikuwa na miaka 35, hakuwa na mke wala mtoto, na shamba lilikuwa limemchosha. Aliamua kurudi kwao.

Kwanza, Agosti 1933, alipanda Kibo akiwa peke yake. Kisha akaanza kufikiri juu ya njia ya kurudia Uingereza.

Safari ya baisikeli

Njia ya kawaida ilikuwa kupanda treni hadi Mombasa, kisha meli kupitia Suez. Tilman aliona njia hiyo ni ya kuchosha. Alitaka kuliona bara kwa upana wake, na hakuwa na fedha za gari wala za msafara wa wapagazi. Akanunua baisikeli kwa pauni 6.

Ilikuwa baisikeli ya kawaida ya siku zile, nzito, isiyo na gia za kubadilisha. Alifunga mzigo mdogo: nguo chache, vifaa vya kuzibia pancha na kitu cha kujifunika usiku. Septemba 1933 aliianza safari yake Uganda, akaelekea magharibi.

Alivuka Kongo iliyotawaliwa na Wabelgiji, akaingia Afrika ya Ikweta ya Wafaransa, kisha Kamerun. Barabara zilikuwa za udongo. Kwenye vilima aliteremka akaisukuma baisikeli. Kwenye msitu alipanda kwa siku nyingi katikati ya kuta za miti pasipo kuona mbali. Mvua ilipogeuza njia kuwa tope, mzigo na baisikeli vyote vilikuwa juu ya misuli yake.

Chakula chake kilikuwa kile kilichopatikana vijijini, hasa ndizi. Alilala mahali palipomkuta usiku. Hakuwa na mkalimani, wala mtu wa kumtangulia kumtayarishia kambi.

Novemba 1933 alifika Kribi, mji mdogo wa pwani ya Kamerun. Alikuwa amesafiri takriban kilomita 4,800 kwa muda wa wiki nane hivi, wastani wa kilomita 80 na zaidi kwa siku, pamoja na siku za mvua na za mapumziko. Kutoka pwani hiyo alipanda meli kwenda kwao.

Jambo la maana katika safari hiyo ni kile ilichomfundisha. Msafara wa kizungu wa zama zile ulikuwa na wapagazi kwa mamia, mahema, viti na masanduku ya vyakula vya kopo. Tilman alikuwa amethibitisha kwa mwili wake kwamba mtu mwenye mzigo mdogo, anayekula chakula cha wenyeji, anaweza kufika mbali kuliko msafara mzima. Kanuni hiyo aliibeba hadi kaburini.

Himalaya hadi Everest

Mwaka 1934 Tilman na Shipton walikwenda India pamoja na Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang. Waliingia katika bonde linalouzunguka mlima wa Nanda Devi kwa kupita korongo ambalo misafara iliyotangulia ilishindwa kulipenya. Gharama yao ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na misafara mingine.

Miaka miwili baadaye, Agosti 29, 1936, Tilman na Noel Odell walisimama kwenye kilele cha Nanda Devi, mita 7,816. Hadi mwaka 1950 hakuna binadamu aliyefikia kilele kirefu zaidi ya hicho.

Mwaka 1938 aliongoza msafara wa Everest. Aliupunguza ukubwa wake, akafika zaidi ya mita 8,200 bila kuvuta hewa ya mtungi, ingawa theluji nyingi iliwazuia kufika kileleni. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ametoa kitabu juu ya miaka yake ya Afrika, kiitwacho Snow on the Equator, ambamo safari ya baisikeli imesimuliwa.

Vita vya Pili vilipoanza alirudi jeshini akiwa na zaidi ya miaka 40. Alipigana Afrika Kaskazini, kisha akatua kwa mwavuli Albania na baadaye kaskazini mwa Italia, kuwasaidia wapiganaji wa msituni dhidi ya Wajerumani. Mji wa Belluno nchini Italia ulimpa heshima ya kuwa raia wake.

Mwisho baharini

Umri ulipomnyima milima mirefu, Tilman aligeukia bahari. Mwaka 1954 alinunua mashua ya tanga iliyokuwa kuukuu, iitwayo Mischief, ili imfikishe kwenye milima ya barafu isiyo na barabara. Alisafiri hadi Patagonia na Greenland. Kati ya mwaka 1957 na 1958 aliizunguka Afrika yote kwa tanga, bara lile lile alilokuwa amelikata kwa baisikeli.

Mischief iliangamia mwaka 1968 katika bahari ya kaskazini. Mashua yake ya pili, Sea Breeze, ilizama mwaka 1972. Hakukoma.

Shipton alifariki Machi 1977. Mwaka huo huo Tilman, akiwa na miaka 79, alijiunga na vijana waliokuwa wakienda katika visiwa vya barafu vya kusini kwa mashua iitwayo En Avant. Novemba 1 waliondoka Rio de Janeiro, Brazil, kuelekea visiwa vya Falkland. Tangu siku hiyo hakuna aliyewaona. Bahari iliwameza wote.

Alichotuachia

Ni rahisi kumsifu mtu kama huyu, na sifa nyingine anastahili. Hakujivuna, hakupenda makuu, na alipokuwa na kazi ngumu hakumsukumia mwenzake.

Hata hivyo, uhuru wake wa kuondoka ulijengwa juu ya mambo ambayo wengine walinyimwa. Alipata shamba kwa bahati nasibu, alivuka mipaka pasipo kuulizwa, na alipochoka akarudi kwao. Mwaka 1934, alipokuwa Himalaya, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho, ikawapeleka Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi yenye mbung'o na malaria. Hao nao walisafiri mbali na nyumbani, lakini hawakuchagua safari yao. Madai ya ardhi ya Wakipsigis na Watalai yamedumu hadi karne hii.

Vivyo hivyo kwa baisikeli. Katika miaka ya 1970 bei ya kahawa ilipopanda sana, na uchumi wa Uganda ukiwa umevurugwa na utawala wa Idi Amin, magunia ya kahawa yalivushwa mpakani usiku kwa vichwa, kwa punda na kwa baisikeli. Waliofanya hivyo walihatarisha maisha yao kwa zao lile lile lililomchosha Tilman kule Sotik. Hakuna aliyewaita wasafiri mashujaa.

Mjini Busia wapo pia watu wenye ulemavu ambao kwa miaka mingi wamevusha bidhaa kwa baisikeli za magurudumu matatu zinazosukumwa kwa mikono. Kilomita walizokusanya, mita baada ya mita kati ya nchi mbili, hakuna aliyezihesabu.

Pikipiki zimechukua nafasi kubwa ya baisikeli sasa, na mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia ili kupunguza foleni. Neno boda boda limebaki, ingawa chombo kimebadilika.

Kuhusu milima, usiku wa kuamkia Desemba 12, 1963 Kisoi Munyao aliipeleka bendera ya Kenya huru juu ya Mlima Kenya. Tangu hapo theluji ya nchi hii si ya wageni peke yao.

Tilman alionyesha kwamba baisikeli ya pauni 6 inaweza kumvusha mtu bara zima. Vijana wa mpakani walikuja kuonyesha kwamba baisikeli ya namna hiyo inaweza kulisha familia na kusomesha watoto. Yeye aliandikiwa vitabu. Wao wameacha neno moja, na neno hilo limesafiri mbali kuliko kilomita 4,800 za Tilman.